Ndoano ya Shilingi Ishirini

Mambo yote yalinigharimu shilingi elfu sita mia tatu na ishirini. Nimehesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa kichwa, mara ya pili kwa jumbe za malipo zilizo kwenye simu, na hesabu zote mbili zinakubaliana. Nauli sijaitia, kwa sababu nauli ningelipa hata kama duniani hakungekuwa na samaki. Mimi si mtu wa kukaa nyumbani. Elfu sita na mia tatu nimeshazisamehe. Zile ishirini zilizobaki ndizo zinazoninyima raha. Zilikuwa za ndoano moja, ndogo kuliko ukucha wa mtoto, nami nilizilipa bila kuomba nipunguziwe. Wanaonijua wakisikia hivyo watajua mara moja kwamba palikuwa na ubaya.

Mimi hutengeneza simu katikati ya jiji, katika mojawapo ya yale majengo yaliyogawanywa vibanda mpaka chini ya ngazi. Nimezaliwa Uthiru, baba yangu alizaliwa Uthiru, na katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuvua samaki wala kumtamani. Marehemu babu alimwita samaki nyoka aliyekosa adabu ya kukaa nchi kavu. Mke wangu alipopika samaki kwetu mara ya kwanza, mama yangu, ambaye nyumba yake iko hatua ishirini na mbili kutoka mlangoni kwangu, alifungua madirisha yote kisha akaenda kumtembelea jirani mpaka jioni.

Mke wangu ni wa ziwani, upande wa Busia. Baba yake amevua samaki tangu hajaota ndevu. Ana mtumbwi wake mwenyewe, na ana mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye kipande cha mti kilicholainika kwa mkono wake mpaka kinang'aa. Mzee huyo hatumii ufito wa kuvulia. Huufunga mshipi kwenye kidole cha shahada, akanyamaza, akangoja. Husema samaki haonekani, husikika.

Sasa, ili mnielewe, lazima niwarudishe siku ya mahari. Kwao walitaja ng'ombe kumi na watatu, kama ilivyo desturi. Wazee wetu walikuwa tayari kutikisa vichwa na kukubali. Mimi bwana arusi, ambaye kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukaa kimya na kuvaa tai, nilimnong'oneza mjomba, mjomba akasema, nikamnong'oneza tena, akasema tena, na saa kumi jioni ng'ombe walikuwa tisa. Mzee akawaambia watu wake kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyu kijana hata kivuli chake angekipunguza bei." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini neno lile nililibeba miaka kumi na moja kama jiwe ndani ya kiatu, na nilijiapia kwamba siku moja mzee huyo ataniona nikifungua mkono.

Siku ilifika mwaka jana, aliposhikwa na mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yamefunga ukungu, akawa anaona mwanga na vivuli, basi. Tulimtafutia nafasi hospitali moja ya Parklands, wakasema watafungua jicho la kulia kwanza, lakini kabla ya hapo vipimo, na foleni, na vipimo vya vipimo. Jumla, wiki mbili. Kwa desturi yao mzazi halali nyumbani kwa binti aliyeolewa, kwa hiyo alilala Kangemi kwa mpwa wake, na kila asubuhi aliletwa kwetu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akanywa chai, akasikiliza lori za Waiyaki Way kama mtu anayesikiliza redio ya lugha asiyoijua.

Siku ya nne mke wangu aliniita jikoni.

"Baba watoto, mzee ananisikitisha. Anakaa pale kama mzigo uliosahauliwa. Hakuna mahali pa maji hapa karibu?"

Palikuwepo. Nyuma ya Uthiru, ukielekea mpaka wa Kiambu, mama mmoja aliyestaafu kazi ya serikali alikuwa amechimba mabwawa matatu kwenye shamba la marehemu mumewe. Alifuga samaki, ngege na kambare, na hasa wikendi aliwaruhusu watu wa jiji waje na watoto wao kuvua. Unalipa kiingilio, unapewa ufito na ndoano, na unachokipata kinapimwa kwa kilo. Nilimjua kwa sababu niliwahi kumtengenezea simu, tukabishania bei ya kioo mpaka tukaheshimiana.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilirudi sebuleni nikamwambia mzee, "Baba, Jumamosi nakupeleka kuvua. Kuna rafiki yangu ana bwawa."

"Rafiki yako?"

"Rafiki kabisa."

"Na anaruhusu watu wavue tu?"

"Baba, wewe ni mgeni wangu. Usiulize mambo ya kuruhusu."

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kununua kitu kikafanya kazi vizuri namna ile, na sikuwa hata nimelipa bado.

Jumamosi tulifika mapema. Kiingilio kilikuwa mia mbili kwa kichwa. Mzee akiwa ameegemea mti, mimi na mama wa bwawa tulimalizana kando.

"Mia nne," alisema.

"Mia mbili. Yule mzee haoni. Utamtoza mtu pesa ya kuangalia na haangalii?"

"Haji kuangalia, anakuja kuvua."

"Asiyeona atavua nini, mama yangu? Atakaa tu apigwe na upepo."

Alinitazama, akamtazama mzee, akanihurumia. "Leta mia tatu. Lakini kumbuka sheria." Alielekeza kidole kwenye ubao uliopigiliwa langoni, ulioandikwa kwa rangi nyekundu: UKIMVUA NI WAKO. HARUDI MAJINI. KILO MOJA SHILINGI MIA SITA.

"Na hizo ndoano ni zangu," aliongeza. "Ndogo. Hizo kubwa za ziwani zinanichania samaki. Mkiondoka nazihesabu."

Tulipopita langoni mzee alisimama. Aliona kivuli cha ubao.

"Mkwe, hapa pameandikwa nini?"

"Karibuni, Baba."

Alijibu, "Asante," akiugeukia ubao.

Nilikuwa nimepiga hesabu yangu. Mtu asiyeona, maji asiyoyajua, ndoano asiyoizoea: samaki wawili, watatu akibahatika. Kilo mbili. Elfu moja na mia mbili, na sifa ya kufungua mkono nimeinunua kwa bei ya jumla. Lakini mzee alitoa mshipi wake mfukoni, akafunga ile ndoano ndogo kwa vidole peke yake bila kuikosea, akafinyanga chambo cha ugali tulichobeba, akakinusa, akakitemea mate kidogo, akarusha. Sikuwa nimemaliza kutafuta kivuli cha kukalia.

"Mmoja," alisema.

Samaki alikuwa anaruka kwenye nyasi, mnene, ameshiba vyakula vya dukani. Nilimkadiria nusu kilo na ushee. Kabla sijamaliza kumkadiria, mzee alisema, "Wawili."

Kufikia samaki wa sita nilikuwa nimeacha kukaa. Kufikia wa tisa nilianza kumshauri.

"Baba, si tupumzike kidogo? Jua linapanda."

"Tupumzike vipi, mkwe, nao ndio kwanza wameamka?"

Nilimfuata mama wa bwawa kule kwenye mizani. Nilimwomba wale wadogo wadogo warudi majini, hata watatu tu.

"Ubao umeusoma?"

"Nimeusoma, lakini tunaongea kama marafiki."

"Basi rafiki yangu, hapa si benki. Huweki na kutoa."

Mzee alipata samaki kumi na wanne. Alipokwenda kunawa mikono kwenye bomba, mizani ilisema kilo tisa na nusu. Nilipigania ile nusu kwa nguvu zangu zote, nikaishinda, nikalipa elfu tano na mia nne kwa simu huku nimempa mzee mgongo. Simu iliposema ti-ti, aliuliza, "Nani anakupigia?" Nikasema kastoma.

Njiani alizungumza bila kupumua. Alisema hajajisikia mtu kwa miezi minane. Alisema jicho likishafunguliwa, siku ya tatu yuko ziwani, daktari apende asipende. Jioni, mbele ya mke wangu, aliniwekea mkono begani. "Binti yangu, huyu mtu wako nilimkosea siku ya mahari. Ana marafiki wakubwa na hana uchoyo." Tulikula samaki siku sita mfululizo. Mama yangu alihamia kwa jirani.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimepoteza elfu tano na mia saba, nikapata mkwe. Bei si mbaya. Lakini upasuaji ulipangwa Jumatano, na Jumatatu mzee akaomba jambo moja. Alitaka arudi bwawani mara moja kabla ya kisu. Hakusema anaogopa. Alisema, "Kama lile jicho litaharibika, nataka iwe nimemaliza na maji."

Mke wangu aliniangalia. Nikasema, "Hilo tu, Baba? Kesho."

Usiku ule sikuamka kuhesabu kwa sababu sikulala. Kodi ya kibanda ilikuwa inafika, na hospitali ilikuwa imeomba sehemu yake mbele. Elfu tano nyingine sikuwa nazo, na kama ningekuwa nazo zisingekuwa za ngege. Naomba mzingatie kwamba dawa ya ugonjwa wangu ilikuwa sentensi moja. "Baba, kule wanapima kwa kilo." Mzee angecheka, angesema basi tuvue wawili wa mboga, tungerudi. Namjua, angefanya hivyo. Lakini sentensi ile ingevuta na nyingine: kwamba hakuna rafiki, kwamba ubao haukusema karibuni, kwamba siku ya mahari hakunikosea hata kidogo. Nilijadiliana na nafsi yangu kama ninavyojadiliana na wauza spea, na kama kawaida nilishinda.

Asubuhi ya Jumanne mzee alikuwa na sharti. Nesi alimpa matone ya jicho na kumwonya asishike udongo wala uchafu mpaka apasuliwe, asije akapeleka mkono jichoni. Kwa hiyo hangeweza kufinyanga chambo wala kugusa ndoano.

"Leo wewe ndiye vidole vyangu," aliniambia tukiwa ukingoni, akanipa ule mshipi.

Mfuko wa koti langu hauachi kuwa na koleo ndogo ya kazi, ya kukatia waya za spika. Nilikaa nimempa mgongo. Nilifunga ndoano ya mama wa bwawa kwenye mshipi, nikaizungusha upande wa jua nikaiona ncha yake, na lile jino dogo linalomzuia samaki asichomoke. Nikaikata ncha pamoja na jino lake. Ilitoa mlio mdogo kabisa, tik.

"Nini hiyo?" mzee aliuliza.

"Nimekata uzi uliozidi, Baba."

"Vizuri. Uzi ukizidi humwambia samaki."

Nikafunika kigutu kwa ugali, nikarusha, nikamfungia mshipi kwenye kidole chake cha shahada. Alinishukuru.

Haikuchukua dakika tano samaki wakaanza kumgusa. Niliona kidole kikishtuka, mkono ukivuta, ule uvutaji mfupi wa mtu anayejua, na mshipi ukirudi mtupu. Nikaweka chambo tena. Kikashtuka, akavuta, mtupu.

"Eh!" alisema, akicheka. "Samaki wa Kiambu wamesoma."

Mara ya tatu alisema wamefika chuo kikuu. Mara ya tano alikisugua kidole kwenye goti. Mara ya saba aliuliza kwa upole, "Chambo unakishika vizuri, mwanangu?"

"Nakishika vizuri, Baba."

"Sikulaumu. Nauliza tu."

Mimi nilikuwa nahesabu. Siwezi kuacha kuhesabu, hata kanisani nahesabu vioo. Kila kidole kiliposhtuka niliandika moja kichwani, na kando yake nikaandika samaki ambaye sikumlipia. Aliguswa mara kumi na saba. Ukichukua uzito wa samaki wa Jumamosi, hiyo ni kilo kumi na moja na nusu, karibu shilingi elfu saba nilizookoa nikiwa nimekaa tu. Nasikia haya kuandika kwamba kwa muda fulani, labda kati ya mguso wa nne na wa nane, nilijisikia hodari.

Baada ya wa kumi na mbili alifungua mshipi kidoleni na kuufunga kwenye kidole kingine. Baadaye akahamishia mkono wa kushoto. Kisha akanyoosha mkono wa kulia kwangu.

"Mkwe, nishike kidole hiki. Kina baridi?"

Nilikishika. Kilikuwa na joto, kigumu, kimechanjwa na mshipi wa miaka yote hiyo mpaka kina mfereji.

"Hakina baridi, Baba."

"Mimi nakisikia kina baridi," alisema. "Samaki anakuja, namsikia anakuja, lakini nikivuta nimechelewa. Sijawahi kuchelewa."

Kwenye kopo la mama wa bwawa kulikuwa na ndoano nyingine nzima, hatua nne kutoka nilipokaa. Ningeweza kuibadilisha. Ningeweka chambo, ningerusha, na mara moja tu kidole kile kingepata kilichokuwa chake. Nilisimama kabisa. Lakini mama alikuwa anazihesabu, angeniuliza ile ya kwanza imefanya nini, na mzee ana masikio. Nikakaa.

Nilikuwa na ufito wangu pia, ambao nilichukua ili nionekane namsindikiza. Niliuchomeka kwenye udongo nikausahau. Ndoano ya kwangu nilikuwa sijaikata, maana mimi sikutegemea kupata samaki zaidi ya kupata ubunge. Ghafla ufito ukainama.

"Una samaki!" mzee alipiga kelele kabla sijauona, alisikia maji. "Mkwe, shika! Usivute kama mtu anayegombania bei! Taratibu! Mpe, mpe kidogo... sasa rudisha!"

Alikuwa amesimama, amenishika bega kwa mkono mmoja na kiwiko kwa mwingine, ananiongoza. Mimi nilikuwa naomba samaki achomoke. Nililegeza uzi makusudi, mzee akaukaza kupitia mkono wangu. Samaki alitoka. Nusu kilo, baadaye mizani ilithibitisha. Ndiye samaki pekee niliyewahi kumvua maishani, na mzee alimpapasa kuanzia kichwani hadi mkiani, kwa vidole alivyokatazwa kuvichafua, akitabasamu kama mimi ndiye niliyepona macho.

"Una mkono," alisema. "Sikujua. Una mkono."

Wakati wa kuondoka alikwenda kukaa langoni, chini ya ule ubao. Nilirudisha ndoano mbili mezani. Mama wa bwawa alichukua ya kwanza, akaiweka koponi. Akachukua ya pili, akaigeuza, akaigusa kwa kidole gumba palipokuwa na ncha. Akatazama koleo iliyotokeza kwenye mfuko wangu. Akamtazama mzee kule langoni, amekaa ameukunja mshipi magotini.

"Hii imekatwa," alisema.

Niliisukuma koleo ndani ya mfuko.

"Jumamosi uliniambia haoni, nikakupunguzia mia." Aliongea polepole, kama mtu anayesoma risiti. "Si ungeniambia tu? Ningewafungia lile bwawa la vifaranga avue na kurudisha mpaka achoke. Bure. Mimi pia nilikuwa na baba."

Hilo halikuwemo kwenye hesabu zangu, wala mara ya kwanza wala mara ya pili.

"Kiingilio mia tatu, samaki mia tatu," alisema. "Na ndoano ishirini. Ukishalipa ni yako, ibebe. Sitaki ikae hapa."

Nikalipa. Nikaiweka ndani ya kifuko cha skrubu za simu.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na hilo lazima niliseme. Siku walipoondoa bandeji mzee alimwangalia binti yake kwa jicho lile jipya, akamwambia, "Kumbe umezeeka," wakacheka wote wawili mpaka nesi akawanyamazisha. Kisha aliinua mikono yake mbele ya uso, akaigeuza, akaiangalia kiganjani na mgongoni.

"Mungu ni mfanyabiashara," alisema. "Amenirudishia jicho, amechukua mkono."

Mke wangu alidhani ni mzaha. Mimi nilikwenda kutafuta maji ya kunywa na kiu sina.

Alipokuwa anarudi kwao alinipa ule mshipi, pamoja na kipande chake cha mti. Nilikataa mara tatu. Alisema mshipi haukai na mtu asiye na mkono, na katika watoto wake na wakwe zake wote, ni mimi peke yangu ambaye yeye amenishuhudia nikivua samaki wa kweli. "Kule kwa rafiki yako," alisema. Uko kibandani kwangu, juu ya rafu ya vioo. Kastoma mmoja wa Spring Valley aliuona akauliza ni bei gani. Mara ya kwanza maishani nimeshindwa kutaja bei.

Nilifikiri akifika kwao atajaribu mara moja tu, atapata samaki, atajua mkono haujafa. Hakujaribu. Anaona mpaka ng'ambo ya ziwa, lakini anakaa nyumbani. Mke wangu aliongea na kaka yake, akaja kuniketisha.

"Baba hajaenda majini hata siku moja. Anasema mkono umemwacha, ati ulimwacha hapa, kwa hilo bwawa. Wewe ulikuwa naye. Ni kweli?"

Aliniuliza akinitazama usoni. Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote, chumba kimefungwa, watoto wamekwenda shule.

"Ni uzee," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Aliamini, kwa sababu ni mimi niliyesema, nami huhesabu kila kitu mara mbili.

Basi wiki iliyopita mzee alinipigia mwenyewe. Nilikuwa nimefungua simu ya mtu, kioo kiko huku, betri iko kule. Alinisalimu vizuri, akaulizia mama yangu na madirisha yake. Kisha akasema ameamua kuuza mtumbwi. Mnunuzi amepatikana, mtu mwerevu wa maneno, na yeye hana ulimi wa biashara.

"Nimekaa nikafikiri nani atanisimamia," alisema. "Nikasema nina mkwe. Yule aliyenitoa ng'ombe wanne mdomoni, atashindwaje na mtu mmoja wa mtumbwi? Njoo Jumamosi ijayo, mwanangu. Uniuzie vizuri. Wewe ndiye najua hutanipunja."

Nilimwambia nitakuja.

Kwa hiyo nina siku tano. Nauli hii nayo sijaitia kwenye hesabu. Nikifika nikanyamaza, nitampigania mzee bei nzuri ya mtumbwi ambao hakuna sababu ya kuuuza. Nikisema, atajua kwamba alipoulizia chambo nilimdanganya, na kwamba nilishika kidole chake huku nikijua, na mke wangu atajua pia, na ndugu zake, maana kwao jambo la mkwe na baba mkwe haliongelewi na watu wawili bila shahidi katikati. Shahidi huyo sijui nimchukue nani. Mjomba wangu wa mahari amefariki. Nimewaza kumwomba yule mama wa bwawa, lakini sijui nitamfuata kwa uso gani.

Ndoano ninayo. Nimeitoa kwenye skrubu nikaifunga kwa karatasi. Mshipi pia nitaubeba. Yeyote kati yenu aliyewahi kumkosea baba mkwe na akabaki mkwe, naomba ushauri, wala sitaki nipunguziwe ukali wake: nianze kwa mke wangu hapa Uthiru, au nianze kule kwa mzee? Na nikisimama mbele yake, nitangulize maneno, au nimwekee ile ndoano mkononi ninyamaze, aipapase mwenyewe kwa kile kidole mahali palipokuwa na ncha?